Mstari wa Ishirini na Nane, Ilemba

Katika karatasi ya marekebisho na maboresho iliyofuatana na toleo la nne la maktaba moja ya kompyuta, ile ya ruwaza, chini ya kichwa cha makosa yaliyoondolewa, upo mstari mmoja unaosema kwamba injini ya utafutaji haivuki tena mwisho wa mstari inapokutana na alama ya kujumlisha. Mwishoni mwake wameongeza maneno machache: kosa limeripotiwa na mtumiaji mmoja, Afrika. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya yangu. Mtumiaji huyo alikuwa na jina. Aliitwa Otilia, aliishi Kizwite, na hakuripoti tu. Alilitafuta kosa, akalikuta, akaliondoa kwa mikono yake mchana mmoja wa Novemba mwaka 1998, mimi nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

Baba yake alikuwa katekista katika kigango kimoja cha uwandani, na ndiye aliyetunza daftari la waumini. Mtu alipofariki, baba alichora msalaba mdogo mbele ya jina lake, kwa wino mwekundu ikiwa wino huo ulikuwepo. Otilia alijifunza kuandika kwa kunakili daftari hilo. Alipokua akaajiriwa na serikali katika kazi ya takwimu, akapelekwa Dar es Salaam kusomea kompyuta wakati wengi wetu hatujawahi kuiona hata picha yake, akarudi Sumbawanga akiwa fundi. Kisha ukaja wakati wa kupunguza watumishi. Mwaka 1994 alipewa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake uliotukuka, na katika barua hiyo walimwita Ottoman badala ya Otilia. Aliitunza. Alikuwa akiwaonyesha wageni na kucheka mpaka machozi yanamtoka, na sijui hata leo yalikuwa machozi ya namna gani.

Miaka miwili alilima. Alipanda ulezi juu ya ntumba, vile vilima vya udongo ambavyo watu wa kwetu hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea, na jioni alisoma kitabu cha uandishi wa programu kilichotolewa nakala ukurasa kwa ukurasa, kilichokosa jalada. Ulipofunguliwa mradi wa kifua kikuu, wafadhili wakileta kompyuta moja na mashine moja ya kuchapia, hapakuwa na mtu mwingine mkoani wa kuiendesha. Mimi niliajiriwa hapo hapo kusimamia elimu ya afya.

Kazi yake ilikuwa hii. Kila kijiji kilikuwa na faili lake, na kila mgonjwa alikuwa na mstari wake, kwa mpangilio wa tarehe ya kuandikishwa. Kila wiki mashine ilitoa orodha ya walio hai, stoo ikafunga pakiti ya dawa kwa kila jina, na gari likaondoka. Waliofariki iliwapasa waondolewe. Kibodi haina msalaba. Alama inayoukaribia ni ile ya kujumlisha. Binti wa katekista akaitumia hiyo. Akaiweka mbele ya jina la kila aliyefariki, katika vijiji vyote, bila kufikiri mara mbili.

Sasa, mafundi wa kompyuta wanapotaja maktaba hawamaanishi chumba cha vitabu. Ni fungu la maelekezo yaliyokwisha kuandikwa na wengine, ambalo programu yako huliazima. Maktaba aliyoiazima Otilia ilikuwa ya kutafuta ruwaza. Ruwaza ni sentensi fupi ya alama, nayo huiambia mashine: nitafutie kila kitu chenye sura hii. Sentensi yake ilisema hivi: anzia kwenye msalaba, chukua mpaka mwisho wa mstari, weka kando na wafu. Ilifanya kazi vizuri kwa mwaka na nusu.

Mwezi Septemba toleo jipya likaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, katika diski moja, pamoja na barua iliyosifu marekebisho na maboresho yake. Mratibu wetu, Bwana Baltazari, alikuwa mtu wa mashati yaliyonyooshwa, asiyependa kuulizwa maswali.

"Liweke leo," alisema.

"Niruhusu kwanza nisome walichobadilisha," alisema Otilia.

"Mama Otilia, wewe ukinunuliwa viatu vipya unaomba kwanza historia ya ng'ombe?"

Watu wakacheka. Likawekwa. Diski ya toleo la zamani Bwana Baltazari akaichukua, akaifuta, akahifadhia taarifa yake ya robo mwaka.

Sitasema kwamba tuliona kitu. Hatukuona. Orodha zilitoka mkononi mwa Otilia moja kwa moja hadi mezani kwa mratibu, na jumla ya majina ilikuwa imeondolewa chini ya kila ukurasa kwa amri yake, eti inakula karatasi. Mratibu aliona. Aliona majina yanapungua, akaandika katika taarifa kwamba waliopungua wamemaliza matibabu. Mganga wa zahanati ya Ilemba, kule bondeni, alimwandikia barua mbili akiuliza. Alijibiwa kwa sentensi moja: fuata orodha.

Ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Alhamisi ile ya Novemba.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza, na ukungu ulikuwa umelala juu ya mji tangu alfajiri hata mti wa mkaratusi uliokuwa hatua kumi kutoka dirishani haukuonekana. Jenereta iliwashwa saa nne kama kawaida, na ingezimwa saa saba. Saa nane gari lingeteremka bondeni kwa mara ya mwisho, kwa maana barabara ya kwenye ukuta wa bonde ilikuwa imeanza kumeguka, na baada ya hapo pengine hadi Februari hakuna ambaye angepita. Pakiti za safari hiyo zilikuwa za miezi mitatu.

Mlango ulifunguliwa, akaingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, amejifunga kitenge kilicholoa hadi magotini. Alisimama katikati ya chumba.

"Shikamooni," alisema. "Naomba mniitikie."

"Marahaba," tulisema wote wawili, na Otilia akaongeza, "Kwa nini uombe, mwanangu? Kuitikiwa huombwa?"

Mwanamke yule akakaa chini sakafuni kama mtu aliyekatiwa kamba. Aliitwa Sayi. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka Usukumani, yeye akaolewa Ilemba, na alikuwa mgonjwa wa ishirini na saba katika faili la kijiji, wa mwisho kuandikishwa. Alikuwa amepanda lori la mahindi tangu jana.

"Mama," alimwambia Otilia, "pale kwetu orodha husomwa kwa sauti kila dawa zinapofika. Mwezi wa tisa waliruka watu. Tukasema, karani kakosea. Wiki iliyofuata wakarukwa wale wale. Mganga akasema labda wamepona. Lakini wanakohoa! Basi wazee wakasema, mashine ya mjini haipeleki dawa kwa maiti. Asiyesomwa hasalimiwi tena. Anasema hodi, watu wanakaa kimya. Kikombe alichonywea kinatupwa. Wanaishi hivyo, mama, wanatembea mchana kweupe, na hakuna anayewaitikia."

"Na wewe?" aliuliza Otilia.

"Mimi bado nasomwa. Lakini mpaka unasogea. Alipokufa mzee Beda, wakarukwa na waliokuwa wakisomwa kabla yake. Majirani wanahesabu kwa vidole. Jana asubuhi nimemsalimia mke wa shemeji yangu, akanitazama hivi, akaingia ndani." Alijifuta uso. "Nimekuja uniangalie kwenye mashine kama nipo."

Otilia aligeuza kiti, akalifungua faili la Ilemba, akamwonyesha. Mstari wa ishirini na saba: Sayi. Hakukuwa na alama yoyote mbele yake. Misalaba yote ya faili ilikuwa mitatu, ukiwamo wa mzee Beda: mstari wa nne, wa kumi na tisa, na wa ishirini na tatu. Kisha akaiamuru programu itoe orodha ya walio hai, kama itakavyokwenda na gari mchana huo.

Yakatoka majina manne. La kwanza, la pili, la tatu, na la Sayi.

Otilia akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya tangu Septemba: akaiomba mashine imchapie wafu.

Mashine ya kuchapia ilianza kusaga meno yake. Karatasi ikapanda polepole, ikajikunja, ikaendelea kupanda. Majina ishirini na matatu. Sayi aliinuka akaja kusimama karibu nasi, akaanza kuyasoma moja moja kwa sauti, maana alikuwa amefika darasa la saba na alijivunia kusoma.

"Huyu nimemwacha anapukuchua mahindi. Huyu? Huyu juzi kagombana na mkewe kwa sababu ya mbuzi, kijiji kizima tumesikia. Kama amekufa, basi amekufa na kelele zake!" Alicheka, na sisi tukacheka, tukashtuka kwamba tumecheka. "Huyu ana mimba ya miezi saba. Huyu ndiye aliyenipakilia kwenye lori. Huyu..."

Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya jina la mwisho.

"Kalista," alisema. "Huyu ni kweli. Tumemzika juzi jioni."

Otilia akaichukua karatasi. Kalista alikuwa mstari wa ishirini na sita.

"Nani aliyeleta habari zake hapa?"

"Nani angeleta? Lori langu ndilo la kwanza kupanda tangu azikwe."

Otilia akarudi kwenye faili, akausogeza uso hadi karibu kugusa kioo. Mstari wa ishirini na sita ulikuwa safi. Hakukuwa na msalaba. Aliupitia herufi kwa herufi, akapitia hata nafasi tupu zilizo katikati ya maneno, kwa sababu wakati mwingine vitu hujificha humo. Hakukuwa na kitu.

"Hebu tuyaache hayo kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Ninalielewa kosa. Halisimami mwisho wa mstari. Linaanzia msalaba wa kwanza, linakwenda mpaka msalaba wa mwisho, na wote walio katikati linawabeba; ila hapa limepita ishirini na tatu likafika kwa Kalista, kana kwamba naye ana msalaba. Kijiji chenye marehemu mmoja hakionji kitu. Vyenye wawili..." Akanigeukia. "Mimi ndiye niliyeiweka hiyo misalaba."

Nilimwambia twende stoo na orodha ya mkono. Akanikumbusha kwamba stoo haitoi hata kidonge bila orodha ya mashine. Hiyo nayo ilikuwa amri. Nilikwenda kwa mratibu hata hivyo. Alinisikiliza huku akipiga muhuri barua nyingine.

"Mashine haina ukoo Ilemba," alisema. "Haina sababu ya kumpendelea mtu wala kumchukia. Ninyi wasomi wanawake mkisikia hadithi ya kijijini tu, basi. Leta orodha iliyochapwa na kompyuta nitaisaini. Nje ya hiyo, kwaheri."

Hakuinua hata macho. Nimewahi kumsamehe mtu aliyeniibia, huyu bado.

Niliporudi ilikuwa saa tano na robo. Otilia alikuwa amefungua kitu ambacho sikujua kama kipo: maandishi yenyewe ya maktaba, maelfu ya mistari iliyoandikwa na watu wasiojulikana katika nchi za mbali, ambao hutoa kazi yao bure pamoja na siri zake zote. Karatasi ya maboresho ilikuwa mapajani mwake. Sasa aliisoma.

"Hapa," alisema, akiweka ukucha. "Kasi imeongezwa. Ndiyo sifa yao. Zamani injini ilisimama mwisho wa kila mstari kuuliza: niendelee? Wameona kusimama huko kunachelewesha. Alama ya kawaida bado inauliza. Ila alama ya kujumlisha, kwao, ina kazi maalumu. Anayeitaka kama alama tu lazima aitangulize na mshazari, kile kistari kilichoinama, kama nifanyavyo. Njia hiyo hawakuijaribu. Wala nisingewalaumu sana. Nani kwao anazika watu kwa alama ya kujumlisha?"

Aliandika mistari minne. Minne tu, niliihesabu. Kisha akaiamuru mashine iijenge maktaba upya, kazi ya dakika hamsini kwa kompyuta ile. Tukakaa. Sayi aliegemea ukuta karibu na mlango, na kila baada ya muda alikuwa akisema, "Mama?" na Otilia akijibu, "Naam, mwanangu," na hakukuwa na swali lingine lolote. Nje ukungu ulikuwa umefika kwenye vioo. Mara mbili jenereta ilikohoa, taa ikafifia ikawa rangi ya kutu, na mara zote mbili Otilia aliweka kiganja juu ya kompyuta kama anayepima homa.

Saa saba kasoro robo ikamaliza. Leonidas, dereva, akachungulia mlangoni.

"Dada Otilia, barabara inayeyuka kama sukari! Mimi saa nane naondoka, hata kama nimebeba maboksi matupu."

"Ukiondoka na matupu, Leonidas, utayajaza wewe mwenyewe ukifika."

"Basi harakisha, maana mimi sina dawa, nina kifua tu!"

Orodha ya Ilemba ikachapwa. Majina ishirini na manne. Wote walikuwa wamerudi. Na wa ishirini na sita, Kalista, alikuwa amerudi pamoja nao, miongoni mwa walio hai, mahali ambapo kwa mujibu wa faili alistahili kuwa.

"Ulimwona kwa macho yako?" Otilia alimuuliza Sayi.

"Nilimwosha."

Ndipo akauweka msalaba, kwa kidole kimoja, taratibu. Akachapa tena: ishirini na watatu. Akachapa na vijiji vingine vyote vya bondeni. Lakini kabla ya kulifunga faili la Ilemba alikaa kidogo, akimtazama Sayi, aliyekuwa mstari wa mwisho, na sasa akipakana na msalaba mpya kabisa.

"Kosa limekwisha," nilimwambia. "Si umelitoa?"

"Nimelitoa lile ninaloweza kulieleza."

Akaongeza mstari mmoja. Namba ishirini na nane, Otilia, Kizwite. Hakuweka tarehe ya kuandikishwa.

"Ili usiwe wa mwisho," alimwambia Sayi. "Wakihesabu, wahesabu mpaka kwangu."

Jenereta ikazimika wakati karatasi ya mwisho, ya Ilemba iliyochapwa upya, inatoka. Mratibu aliisaini bila kuisoma, kwa kuwa ilikuwa na matundu pembeni na ilitoka kwenye mashine. Gari liliteremka saa nane na nusu, Sayi akiwa ameketi mbele na orodha ameikumbatia kifuani. Nilisimuliwa baadaye kwamba aliisoma mwenyewe pale zahanati, kwa sauti, na kila jina aliposoma alimtazama mwenyewe usoni, akasema, "Shikamoo" kwa mkubwa na "Hujambo" kwa mdogo, akasubiri mpaka aitikiwe, na hakuendelea na jina linalofuata mpaka watu wote waliokuwepo wamemsalimia mtu yule. Ilichukua alasiri nzima. Wawili kati ya wale waliokosa dawa hawakuiona Pasaka. Hao nawaandika kwa jina la mratibu. Sayi alipona, na bado yuko Ilemba.

Otilia alinakili mistari yake minne kwenye diski, akaituma kwa posta kwa watengenezaji wa maktaba, pamoja na barua ya kurasa tatu akieleza msalaba, daftari la baba yake, na watu wa Ilemba. Jibu halikuja. Ulikuja, baada ya miezi kumi, ule mstari mmoja wa toleo la nne. Mimi nilikasirika hata nikatupa kikombe. Yeye aliusoma, akasema, "Angalau hawakuniita Ottoman."

Juu ya Kalista hakuwahi kutulia moyoni. Kwa miaka minne alirudia jaribio lile katika saa za chakula, kwa maktaba yenye kosa na isiyo na kosa, akitafuta ni nini kiliufanya mstari ule usio na msalaba usomeke kama wenye msalaba. Daftari zima alilijaza. Hakupata.

Alifariki Machi mwaka 2003, kwa homa ya siku nne. Miezi mitatu baadaye wafadhili walifunga mradi, na mimi nikabaki kufuta majina ya wagonjwa kabla kompyuta haijatolewa. Nililifungua mwisho faili la Ilemba la mwaka ule wa 1998. Mstari wa ishirini na nane ulikuwepo kama alivyouacha, bila alama. Kuuweka msalaba ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa nimemwona kwa macho yangu, lakini nilikataa. Katika kompyuta zote za dunia, hapo tu ndipo jina lake lilipoandikwa, nami sikuona sababu ya kulihamisha. Nikaiomba programu orodha ya walio hai, niwe na nakala.

Ilitoka. Jina la mwisho lilikuwa la Sayi.

Nikaomba wafu. Jina la mwisho lilikuwa la Otilia. Nilirudia mara tatu, kwa maktaba ile ile aliyoitengeneza mwenyewe, mchana, jua likiwaka. Mbele ya jina lake hakukuwa na kitu.

Nilichukua kalamu, nikaliandika kwa mkono chini ya jina la Sayi, katika orodha ya walio hai. Kisha nikaisoma orodha nzima kwa sauti ndani ya chumba kile kitupu, nikisalimia kila jina. Nilipofika lake nilisema, "Shikamoo, dada," nikasubiri.